Chini ya Maji Hakuna Ngazi

Miguu iliyopooza haizami. Hilo ndilo jambo la kwanza linalomshangaza mkufunzi wa kuzamia anayempokea kwa mara ya kwanza mwanafunzi aliyevunjika uti wa mgongo. Misuli ikishakonda, mguu unabaki mwepesi, tena umevishwa nguo ya mpira inayoelea yenyewe. Ukiingia majini unapanda juu. Kichwa kinakwenda chini, nyayo zinatazama jua, na mtu aliyekuja akiogopa kuzama anajikuta akihangaika kushuka. Dawa yake ni ndogo: vipande vya risasi vinafungwa kwenye vifundo vya miguu, mkanda wa kiunoni unapunguzwa uzito, na mwili unalala sawasawa. Kwa aliyekatwa mguu mmoja hesabu ni nyingine. Huyo mwili wake unataka kubiringika, basi risasi inahamishwa kutoka upande huu kwenda ule, kipande kwa kipande, mpaka atulie.

Nimeanza na risasi za vifundoni kwa makusudi. Habari za watu wenye ulemavu wanaozamia baharini huandikwa mara nyingi kwa machozi: jasiri fulani, ndoto fulani, bahari iliyomfuta huzuni. Machozi hayamshushi mtu mita 12 akarudi salama. Kinachomshusha ni uzito uliopimwa, mtungi uliojazwa, mwenza anayejua kazi yake, na mkufunzi aliyekaa chini akawaza kabla ya kusema haiwezekani.

Waliowaza mapema walikuwa Marekani. Mwaka 1975 kulikuwa na mradi wa utafiti katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, wa kuwafundisha kuzamia watu wenye ulemavu wa viungo. Kutokana na mradi huo Jim Gatacre alianzisha mwaka 1981 chama cha Handicapped Scuba Association. Wengine walifuata: Uholanzi ikapata chama chake cha kimataifa mwaka 1993, na mwaka 2001 Jim Elliott akaanzisha Diveheart karibu na Chicago. Mskoti Fraser Bathgate, aliyepooza baada ya kuanguka akikwea, alifika mbali zaidi ya kuwa mwanafunzi. Akawa mkufunzi, anafundisha wenye miguu na wasio nayo. Leo hata PADI, shirika kubwa kuliko yote katika biashara ya kufundisha kuzamia, lina kozi ya kuwafunza wakufunzi namna ya kubadilisha mbinu kulingana na mwili wa mwanafunzi.

Lakini kitu cha thamani kilichotoka California, kwa maoni yangu, ni swali. Kabla ya hapo, mtu mwenye ulemavu akienda kujiandikisha aliulizwa ana ugonjwa gani. Jibu likiwa polio, au ajali ya gari, au upofu, faili linafungwa. Kipimo cha akina Gatacre kikauliza vingine: ukiwa majini, unaweza kujihudumia? Na mwenzako akipata shida, unaweza kumsaidia?

Majibu yanagawanya wazamiaji katika madaraja matatu. Wa daraja A anajimudu na anaweza kumwokoa mwenzake. Huyu anazamia na mwenza mmoja kama mtu mwingine yeyote, awe na miguu au asiwe nayo. Wa daraja B ni lazima awe na wenza wawili. Wa daraja C naye ana wawili, na mmoja wao awe amefunzwa uokoaji.

Hapo kwenye wawili ndipo watu wengi wanapoelewa vibaya. Wanadhani mmoja anamshika mlemavu mkono wa kulia na mwingine wa kushoto. Sivyo. Kanuni ya kuzamia duniani kote ni kwamba kila anayeshuka awe na mtu wa kumpa hewa au kumpandisha juu. Mzamiaji asiyeweza kutumia mikono anaye: ni mwenza wa kwanza. Je, mwenza huyo mtungi wake ukiharibika, atategemea nani? Ndiyo maana akaongezwa wa pili. Amewekwa kwa ajili ya yule mwenye afya. Hesabu hii haina huruma ndani yake hata chembe, na kwa sababu hiyo naiona ni ya heshima kuliko sera nyingi zilizoandikwa kwa maneno matamu.

Tumtazame kwa karibu mtu aliyepooza kuanzia kiunoni akiingia kwenye bwawa la mafunzo. Kwanza kunatandikwa godoro jembamba ukingoni. Ngozi isiyohisi inaweza kuchunwa na saruji bila mwenyewe kujua, na kidonda cha kukalia, kwa mtu wa kiti cha magurudumu, ni miezi kitandani. Amevaa soksi nene za mpira miguuni kwa sababu hiyohiyo. Anajisogeza kutoka kwenye kiti hadi kwenye godoro kwa mikono yake. Akihitaji kubebwa, wabebaji hawamvuti kwa makwapa wala viganja. Bega ndilo mguu wake. Likiteguka, hawezi tena hata kujihamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti.

Majini anavalishwa jaketi lenye mtungi likiwa linaelea, kwa hiyo uzito wote ule unaowakunja migongo vijana wa boti yeye haubebi kamwe. Viganjani ana glavu zenye utando kati ya vidole, mfano wa mguu wa bata, kwa kuwa mikono ndiyo mapezi yake. Na hapa kuna tatizo ambalo mwenye miguu halifikirii: mikono inayopiga maji ndiyo hiyohiyo inayotakiwa kubonyeza kitufe cha kujaza jaketi hewa, kubana pua ili masikio yafunguke, kutazama kipimo cha mtungi. Kila akifanya kimojawapo, mwendo unasimama. Basi kipimo kinaning'inizwa kifuani mahali ambapo jicho linakiona bila kukishika, na mwanafunzi anajifunza kutulia kwanza, kisha kufanya, kisha kuendelea. Wakufunzi husema wazamiaji wa namna hii hupata mapema utulivu ambao wengine huutafuta miaka. Mkondo ukiwa mkali, mwenza anamvuta, au yeye mwenyewe anashika mashine ndogo ya kusukumia inayoendeshwa kwa betri.

Aliyepooza mikono na miguu ana mambo yake. Hawezi kubana pua, basi anajifunza kufungua masikio kwa kumeza mate na kuchezesha taya, au mwenza anambana yeye. Mara nyingi huvalishwa barakoa inayofunika uso mzima, ili kifaa cha kuvutia hewa kisije kikamtoka mdomoni. Ishara zake ni za macho na kichwa, na hukubaliwa nchi kavu kabla mtu hajalowa.

Kuna ulemavu mwingine ambao bahari inaugeuza kuwa faida tupu. Chini ya maji wote ni mabubu, kiziwi na anayesikia. Mzamiaji anayesikia ana ishara chache alizofundishwa: sawa, panda, shuka, hewa inakwisha. Akitaka kumwambia mwenzake kwamba yule chewa aliyeko chini ya jabali ni mkubwa kuliko wa jana, hana njia mpaka arudi kwenye boti. Viziwi wawili wanaotumia Lugha ya Alama ya Kenya au ya Tanzania watamjadili chewa huyo kwenye mita 15, watabishana, na watacheka mpaka barakoa ziingie maji. Ukiziwi peke yake haumzuii mtu kuzamia. Kinachoweza kumzuia ni ngoma ya sikio iliyotoboka, na hilo linawahusu wanaosikia vilevile.

Wasioona huzamia kwa kuguswa. Mwenza anamshika mkono au kiwiko, na mibano inasema: mmoja maana yake hivi, miwili vile. Anayeuliza mtu asiyeona anafuata nini huko, basi hajawahi kusikiliza mwamba wa matumbawe. Kuna mchakariko usiokoma wa kamba wadogo wanaofyatua magando, kuna samaki kasuku wanaotafuna mawe kwa sauti ya meno. Sauti husafiri majini kwa kasi zaidi ya mara nne ya ile ya hewani, kiasi kwamba masikio yetu hayawezi kupambanua inatoka upande gani, inakuwa imekuzunguka. Anayeona huipuuza kwa sababu macho yamemshughulisha.

Sasa yale yasiyopendeza. Wapo watu ambao daktari mwaminifu atawakataza kuzamia, na kiti cha magurudumu hakihusiki. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa akidondoka njiani ataamka. Akishikwa kwenye mita 10 atakufa. Mwenye pumu isiyotulia, au aliyewahi kupasukwa pafu, au mwenye moyo dhaifu, hao ni wa kuchunguzwa kwa kina. Sababu ni fizikia ya shule ya sekondari: kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, kwa hiyo pafu lililojazwa huko chini na kupandishwa huku pumzi imezuiwa hutaka kuwa mara mbili ya ukubwa wake. Ndiyo maana amri ya kwanza ya kuzamia, kwa kila mtu, ni kutozuia pumzi.

Walioumia uti wa mgongo wana hatari za ziada ambazo mkufunzi wa kawaida hakufundishwa. Mwili chini ya jeraha hautetemeki wala hautoi jasho, basi baridi inamwingia kimyakimya, na maji hupora joto la mwili upesi mno kuliko hewa. Hapa pwani yetu imejaliwa: maji hushuka hadi kama nyuzi 25 wakati wa kusi na kufika 29 kaskazi inapomalizika, ilhali wenzetu wa Scotland wanajifunza ndani ya maji yanayogandisha taya. Mwenye jeraha la juu, kuanzia pingili ya sita ya kifuani kwenda shingoni, anaweza kupandwa na presha ya ghafla kwa jambo dogo tu kama kibofu kilichojaa au nguo ya mpira inayobana. Kukaa majini huongeza mkojo, kwa hiyo mfuko wa mpira wa mkojo hukaguliwa kabla ya kushuka, bila haya. Mwenza asiyejua dalili za presha hiyo, kichwa kinachogonga na uso unaowaka, atadhani ni jua la boti.

Kuna jambo moja dogo zaidi ambalo nalipenda kwa ujanja wake. Dalili mojawapo ya ugonjwa wa kupanda upesi, pale naitrojeni inapotoka damuni kwa mapovu, ni ganzi na udhaifu wa miguu. Utaijuaje kwa mtu ambaye miguu yake ina ganzi tangu ajali ya bodaboda? Jibu ni karatasi. Kabla ya kozi, daktari anachora mwili na kuandika anahisi hadi wapi, anasogeza nini, kwa nguvu kiasi gani. Karatasi inakaa kwenye boti. Mpaka wa ganzi ukipanda juu ya mstari uliochorwa, anapewa oksijeni na kukimbizwa hospitali.

Kuhusu kuzamia kama tiba, naomba tuwe na subira. Mwaka 2011 watafiti wa Johns Hopkins waliwapeleka visiwa vya Cayman askari wastaafu 10 wanaotumia viti vya magurudumu, wakawafundisha kuzamia kwa siku 4. Waliporudi, misuli iliyokuwa ikikaza ililegea kwa wastani wa asilimia 15, hisia za mguso mwepesi ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 10, na dalili za kiwewe cha vita zilipungua kwa asilimia 80. Takwimu hizo zimezunguka dunia nzima, na wanaozisambaza husahau kutaja ile 10 ya mwanzo. Watu kumi, siku nne, kisiwani, pamoja na wenzao waliopitia vita ileile: nani hatapona kidogo? Sisemi ni uongo. Nasema daktari anayeahidi kwamba mtungi utamrudishia mtu miguu anauza kitu kingine. Mradi wa John Thompson wa kuwafundisha kuzamia askari waliojeruhiwa, SUDS, ulioanza mwaka 2007 kwenye bwawa la hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, haukusubiri takwimu. Askari waliokatwa miguu Iraq na Afghanistan walitaka kitu cha kufanya kilicho kigumu kidogo na cha watu wazima, wakapewa.

Wengi wanaosoma haya watakuwa wameona ile filamu ya mwanamke anayeruka chini ya maji akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, nywele zikipepea. Ni Sue Austin, msanii wa Uingereza, aliyeionyesha kazi hiyo mwaka 2012 katika tamasha la sanaa lililoambatana na Olimpiki ya London. Alichukua kiti cha kawaida, akakifungia mapezi ya plastiki angavu na mashine za kusukumia. Wahandisi walimwambia kingezunguka hovyo. Hakikuzunguka. Ila ieleweke kwamba ile ni sanaa, na kazi yake ilikuwa kuwafanya watu wakitazame kiti cha magurudumu kwa jicho jingine. Mzamiaji wa kila siku anakiacha kiti chake kwenye boti, kimefungwa kamba kisije kikaviringika.

Bahari hiyohiyo, bila shaka, inatengeneza walemavu. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Wamiskito wa Honduras, wanaozamia kamba-mti kwa ajili ya soko la Marekani kwa mitungi isiyo na vipimo, mtungi baada ya mtungi, siku nzima. Tarehe 31 Agosti 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika ilitoa hukumu juu ya 42 kati yao. Wazamiaji 34 walikuwa wameumia kwa kupanda kutoka kina kirefu, na 12 wakafa kwa hilo. Serikali ilikiri wajibu wake. Sisi pia tunao wazamiaji wa jongoo bahari, Unguja na kwingineko, vijana wanaoshuka na mitungi bila saa, bila jedwali, bila mtu wa kuwauliza wamekaa huko muda gani. Anayepooza hurudishwa kijijini, na mara nyingi huambiwa ni jini.

Nikiwaza ni nani hapa kwetu angefaa kuwa wa kwanza kurudi majini akiwa na ulemavu, nawawaza hao kabla ya mtalii yeyote. Wengine mwili hautawaruhusu tena kuvuta hewa ya mtungi, maana uti ulioumizwa na mapovu mara moja hauchezewi. Wataishia kuelea juu kwa miwani na mrija. Lakini wanajua mkondo, wanajua mwamba, na hawaogopi. Aliyepoozwa kwa kupanda haraka angekuwa mwalimu mwenye mamlaka kuliko yeyote wa kumwambia kijana apande polepole.

Kinachowazuia kipo nchi kavu. Nenda Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa: boti imekaa mbali huko, kati yako nayo kuna mchanga, majani na mashamba ya mwani. Kiti cha kawaida hakiendi hatua kumi. Kuna viti vya ufukweni vyenye magurudumu manene ya kujazwa upepo, na kuna mikeka migumu ya kutandaza njia. Fundi wa baiskeli mwenye mabomba na tyubu angevitengeneza viti hivyo. Njia rahisi zaidi ni kuisoma kalenda ya mwezi, ukaenda maji yakiwa yamejaa. Boti nazo zina ngazi ya chuma ya kupandia iliyosimama wima, ambapo mtu wa mikono miwili yenye nguvu anaweza kujivuta kidato baada ya kidato, na asiyeweza anapandishwa kwa kitambaa imara cha kubebea. Gati lenye mteremko, badala ya ngazi, lingewafaa hata wachuuzi wa samaki wenye mikokoteni.

Kisha kuna kuogelea. Kozi ya mwanzo ya PADI inataka uogelee mita 200 kwa mtindo wowote, bila saa, na uelee kwa dakika 10. Kwa mtindo wowote maana yake ni hata kwa mikono peke yake, hata chali. Tatizo ni kwamba watu wengi wa pwani, hasa wanawake, hawajui kuogelea kabisa, wawe na ulemavu au wasiwe nao. Nungwi, mradi wa Panje umeonyesha kwamba wasichana wanaweza kufundishwa wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri na vijiji visinune. Darasa kama hilo likimpokea na msichana asiyeona, au wa polio, halihitaji sheria mpya. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na Ibara yake ya 30 inataja michezo na burudani waziwazi.

Bei ni kikwazo cha kweli. Kozi inagharimu mamia ya dola, na mwenza wa pili ni mtu mwingine wa kulipwa. Siku zisizo na watalii, masika hasa, maduka ya kuzamia ya Watamu, Diani na Unguja yana mitungi iliyojaa na vijana waliokaa. Anayetaka kuanza aende wakati huo, akiwa na karatasi ya daktari mkononi, na aulize mambo matatu: bwawa la mafunzo liko wapi na linaingiwaje, nani atakuwa mwenza wa pili, na oksijeni ya boti inakaguliwa lini. Mwenye duka akisema hajawahi kumfundisha mtu wa namna hiyo ila yuko tayari kukaa naye alasiri moja bwawani wajaribishe, hapo pana mazungumzo ya bei. Akianza kwa kumwambia kwamba yeye ni shujaa, aende duka la jirani.